Sonara anadai ufundi unazidi bei ya dhahabu: je, ananipunja?

SWALI: Marehemu mama aliniachia bangili moja ya dhahabu na jozi ya hereni. Nataka vitengenezwe pete yenye yakuti samawi, niivae kila siku. Nimempata sonara anayefanya kazi peke yake katika karakana yake, na kazi zake nimezipenda. Lakini ameniambia kwamba malipo ya ufundi peke yake yatazidi thamani ya dhahabu itakayotumika. Dukani pete ya uzito uleule, dhahabu na ufundi pamoja, inauzwa chini ya kile anachodai kwa ufundi tu. Dada yangu anasema napunjwa. Nitajuaje kama kweli ni kazi ya mkono? Na je, dhahabu itakayokuwa kidoleni mwangu itakuwa ya mama kweli?

JIBU: Pole sana kwa kuondokewa na mama. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote, na wateja wengi hulikumbuka wakati dhahabu imeshaingia motoni.

Sonara akipokea dhahabu ya zamani ana njia tatu. Ya kwanza ni kuipeleka kwa wasafishaji, ambao huitenga na fedha, shaba na uchafu mwingine, kisha hurudisha dhahabu safi. Kwa ubora, njia hii haina dosari. Lakini mara nyingi dhahabu ya watu wengi huyeyushwa pamoja, na unachorudishiwa ni uzito wako, si dhahabu yako. Ya pili ni kuiyeyusha palepale karakanani, nawe ukiangalia kama ukitaka. Hapo inabaki ya mama, ila inabeba kila kilichokuwamo. Hereni ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Vishikizo vyake huungwa kwa lehemu yenye dhahabu pungufu, pengine kuna springi ya chuma ndani, na kama zamani ziliwahi kukarabatiwa na mtu aliyetumia risasi, basi risasi kidogo mno, kiasi ambacho jicho halikioni, inatosha kuifanya dhahabu yote ipasuke chini ya nyundo. Mimi mwenyewe, nikiwa bado mgeni katika kazi hii, niliyeyusha vipande vya mteja bila kuvikagua kimoja kimoja. Kipande kilichotoka kilichanika kama udongo mkavu mara ya kwanza nilipokigonga. Nililipia usafishaji mpya kutoka mfukoni mwangu, na nikalazimika kumweleza yule mteja kwamba ile dhahabu imepita mikononi mwa watu wengine. Sikusahau uso wake.

Njia ya tatu ndiyo ninayokushauri: bangili isiyeyushwe kabisa. Kama ni nzito, yaani haina uwazi ndani, sonara anaweza kukata kipande, akakipasha moto hadi kiive wekundu hafifu ili kilainike, akakifua kwa nyundo au kukipitisha kwenye rola, akakipasha tena, akakifua tena, hadi kiwe utepe wa unene anaoutaka. Kisha anaukunja utepe huo uwe pete. Dhahabu ile ile aliyoivaa mama, haijawahi kuwa majimaji tangu siku ilipotengenezwa bangili, inageuka umbo tu. Hereni ziache zilivyo. Zivae, au mpe dada yako.

Hapa ndipo lazima mjue bangili ni ya karati ngapi. Dhahabu safi ni karati 24. Karati 22 ina sehemu 916 za dhahabu katika kila 1,000, karati 18 ina 750, karati 14 ina 585, na karati 9 ina 375. Kinachobaki ni fedha na shaba kwa kawaida, na shaba ikizidi rangi huelekea wekundu. Kadiri dhahabu inavyokaribia usafi ndivyo inavyokuwa laini. Bangili nyingi za zamani ni za karati 22, na kwa bangili hilo si tatizo, kwa sababu haigongwi sana. Pete ya kila siku hugonga kila kitu: mlango, sufuria, usukani. Makucha membamba ya karati 22 yakishika kito yatajipinda taratibu bila wewe kujua, hadi siku utakapotazama kidole ukute tundu tupu.

Zipo njia mbili za kutoka hapo. Sonara anaweza kuyeyusha kipande cha bangili na kukiongezea fedha na shaba kishuke hadi karati 18. Hesabu yake si siri: gramu 10 za karati 22 zina gramu 9.16 za dhahabu safi, ukigawa kwa 0.75 unapata gramu 12.2, kwa hiyo anaongeza gramu 2.2 hivi. Au anaiacha karati 22 ilivyo na kubadilisha namna ya kukishika kito: badala ya makucha, anakizungushia ukingo mzima wa dhahabu na kuulaza juu ya kingo za kito pande zote. Ulaini ule uliokuwa kasoro sasa unakuwa faida, kwa sababu dhahabu laini hulala juu ya jiwe bila kulisukuma kwa nguvu. Mimi ningechagua ukingo. Hauna cha kunasa nguo wala nywele, na unalinda kingo za kito, ambazo ndizo huchubuka kwanza. Utapoteza mwanga kidogo unaoingia ubavuni mwa kito. Kwa pete ya kila siku, naona ni hasara ndogo.

Kabla hujaenda kwake, unaweza kuipima bangili nyumbani. Tafuta mizani ndogo ya dijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Pima bangili ikiwa kavu, andika uzito. Kisha weka juu ya mizani chombo chepesi chenye maji, kipana cha kuitosha bangili, na urudishe mizani kwenye sifuri. Funga bangili kwa uzi mwembamba, ining'inize ndani ya maji izame yote bila kugusa kitako wala ubavu wa chombo, na ufute viputo vya hewa vilivyoing'ang'ania. Namba unayoiona ni ujazo wa bangili kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo. Dhahabu safi hutoa 19.3, karati 22 hukaribia 17.7, karati 18 ya njano ni 15.5 hivi, na karati 14 ni 13 hivi. Bangili yenye uwazi ndani au yenye vito itakudanganya, na kipimo hiki hakitoshi kumshtaki mtu wala kuuzia. Kinatosha kukufanya uingie karakanani ukijua una nini mkononi. Sonara atathibitisha kwa jiwe jeusi la kupimia na tindikali, au kwa mashine ya eksirei kama anayo.

Sasa bei. Dada yako ana hoja, ila amelinganisha vitu viwili ambavyo havikupita njia moja. Pete ya dukani mara nyingi huanza na mfano mmoja. Mfano huo huzungushiwa mpira ukawa kalibu, nta ikasukumwa ndani ya kalibu hiyo, zikatoka pete za nta zinazofanana. Pete hizo hupachikwa kwenye nguzo ya nta kama matawi ya mti, mti mzima ukafunikwa plasta, nta ikayeyushwa itoke, na dhahabu ikamiminwa mahali ilipokuwa nta. Kwa kumimina mara moja unapata pete kadhaa, na gharama ya yule aliyebuni mfano hugawanywa kwa kila pete itakayouzwa miaka yote. Ni kazi halali, na inafanywa vizuri na watu wengi.

Sonara wako hana wa kumgawia gharama hiyo. Mchoro ni wa pete moja. Akikosea kipimo anaanza upya kwa muda wake. Mezani kwangu, pete ya aina unayoitaka hunichukua siku tatu hadi nne, bila siku ya mazungumzo na kuchora. Kufua na kukunja huenda haraka. Kinachokula saa ni kitako cha kito: utepe mwembamba wa ukingo lazima ufuate umbo la yakuti yako, si yakuti nyingine yoyote, kwa sababu hakuna mawe mawili yaliyochongwa sawasawa. Kisha unalehemiwa kwenye pete bila kuyeyusha kiungo kilichotangulia, na hiyo ndiyo sababu tunatumia lehemu za daraja tofauti, ngumu kwanza na laini baadaye, kila moja ikiyeyuka kwa joto la chini kuliko iliyopita. Baada ya hapo ni tupa, msasa mkali hadi laini, kupachika, kung'arisha. Ukigawa malipo aliyokutajia kwa siku hizo, utajua kama ni ya haki. Usiyagawe kwa gramu.

Hoja ya kwamba thamani ya pambo haimo katika uzito wake wasanii wa karakana ndogo waliipigania katikati ya karne ya 20, na nadhani utampenda mmoja wao. Margaret De Patta alikuwa mchoraji huko San Francisco. Mwaka 1929 alikuwa anaolewa, akatafuta pete ya ndoa madukani, hakupata hata moja iliyomridhisha, akajifunza kufua na akajitengenezea mwenyewe. Hakurudi tena kwenye uchoraji kama kazi yake kuu. Alexander Calder, yule mchongaji wa Marekani, alitengeneza mapambo yapatayo 1,800 maishani, mengi kwa waya wa shaba nyeupe au fedha uliopigwa nyundo na kufungwa kwa ribiti na mikunjo, bila lehemu. Mwaka 1946 makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, MoMA, yaliandaa maonyesho ya mapambo ya kisasa ya mkono, na kazi za hao wawili zilikuwamo. Mwaka huohuo Art Smith, Mmarekani mweusi mzaliwa wa Cuba, alifungua karakana yake Greenwich Village katika jiji hilohilo. Mikufu yake mingi ni ya shaba tupu. Ukiipima kwa gramu haina thamani ya kutajwa, lakini leo imo katika Brooklyn Museum, na aliyewahi kuiona jinsi inavyozunguka bega la mtu hawezi kuuliza ilikuwa na uzito gani.

Upande wa pili nao lazima niuseme waziwazi. Siku ukitaka kuiuza pete hii kwa mnunuzi wa dhahabu, atakulipa dhahabu tu, tena chini ya bei ya soko. Siku nne za sonara hazitarudi. Kama unachotaka ni akiba, nunua kipande cha dhahabu chenye chapa ukihifadhi. Wewe hukuniambia unataka akiba. Uliniambia unataka kuvaa bangili ya mama kidoleni.

Nitajuaje kama kweli ni kazi ya mkono, umeuliza. Kwanza muulize bila haya: unafua kwa nyundo, au unasubu, yaani unamimina dhahabu iliyoyeyuka kwenye kalibu? Neno kazi ya mkono limechoka kwa kutumiwa ovyo. Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ina mwongozo wa vito unaosema pambo lisiitwe la mkono isipokuwa umbo lake lote tangu malighafi, pamoja na umaliziaji, limefanywa kwa mkono au kwa vifaa ambavyo fundi mwenyewe anaviongoza kipande kwa kipande. Waya na bamba la dhahabu vinahesabiwa malighafi. Pete iliyosubiwa kwenye kalibu kisha ikang'arishwa kwa mkono haipiti kipimo hicho. Hata kama huishi Marekani, ni kipimo kizuri cha kwenda nacho.

Lakini usimdharau anayesubu. Waakan wa Afrika Magharibi walisubu dhahabu kwa nta kwa ustadi ambao bado tunauchungulia kwa lenzi tukistaajabu, na kila kipande kilitoka kwenye nta iliyochongwa kwa mkono, ikapotea motoni mara moja tu. Kuna maumbo ambayo nyundo haiyawezi. Tofauti kwako ni ya vitendo: dhahabu iliyofuliwa imeshikamana zaidi na ni imara zaidi kwa utepe mwembamba, na iliyosubiwa vibaya huwa na vitundu vidogo ndani vinavyojitokeza baada ya miaka ya kuvaliwa. Sonara mwaminifu atakwambia, pete hii nimeifua, ile nimeisubu kwa nta niliyoichonga, na ile nyingine nimeichora kwenye kompyuta nta ikachapwa na mashine. Anayekwepa swali ndiye wa kuogopa.

Kisha igeuze kazi yake. Mwombe pete yoyote aliyokwisha kuitengeneza, uitazame kwa nyuma na kwa ndani, ikiwezekana kwa lenzi ya kukuza mara 10. Mbele kila mtu anang'arisha. Nyuma ya kito, pembeni mwa viungo, ndani ya pete mahali panapogusa ngozi, hapo ndipo unapomwona mtu alivyo. Tafuta lehemu iliyojaa kiungo bila kumwagika, bila tundu jeusi. Tafuta alama za tupa ambazo hakuna aliyezifuta kwa sababu alidhani hutatazama. Pitisha ukingo wa kito juu ya kitambaa laini: uzi ukinasa, kazi haijaisha. Itikise karibu na sikio: kito kisilie.

Na tafadhali usiamini kwamba ukwaruzo na kupinda ni ushahidi wa mkono. Hilo linaniuma, maana linawapa mafundi wazembe mahali pa kujificha. Mkono uliofunzwa huacha mistari iliyonyooka na pembe kali. Ukiona alama za nyundo zimeachwa, ziwe zimeachwa kwa makusudi, zinafuatana kwa mpango, na kingo zake ni safi.

Chapa nayo itazame, ila ujue inasema nini. Namba 916 au 750 ni kauli kuhusu usafi wa dhahabu. Swali ni nani ametoa kauli hiyo. Uingereza imekuwa na sheria ya kukaguliwa dhahabu na fedha tangu mwaka 1300, na huko chapa hugongwa na ofisi isiyo ya sonara. Marekani haina ukaguzi wa namna hiyo, lakini tangu 1961 anayegonga namba ya usafi lazima agonge pembeni yake alama yake mwenyewe iliyosajiliwa, ili ajulikane wa kuulizwa. Sonara wako agonge alama yake popote alipo. Mtu anayeiona kazi yake kuwa yake huwa na alama.

Kuhusu yakuti sina mengi, kwa sababu umechagua vizuri. Kwa ugumu iko daraja la 9 katika kipimo cha Mohs, chini ya almasi tu, na vumbi la kawaida, lenye mchanga wa daraja la 7, haliikwaruzi. Tanzaniti au opali nisingekukubalia kwa pete ya kila siku. Yakuti nyingi sokoni zimechomwa ili rangi ikolee, jambo linalokubalika mradi muuzaji aseme. Kisichokubalika kimyakimya ni jiwe lililojazwa kioo cha rangi kwenye nyufa: moto na tindikali za karakana huliharibu, na ugomvi wa nani alaumiwe hauishi. Yakuti za kutengenezwa nazo zipo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, kwa njia aliyoitangaza mwanakemia Mfaransa Auguste Verneuil mwaka 1902, kwa hiyo hata kito kilichotoka kwenye pete ya zamani si lazima kiwe cha ardhini. Kama jiwe ni la bei kubwa, lipate cheti cha maabara isiyo ya muuzaji kabla ya kulipa.

Mapatano yenu yaandikwe, hata nusu ukurasa. Yaseme karati ya pete, uzito unaotarajiwa, na nani anabeba hasara kito kikipasuka wakati wa kupachikwa. Yaseme pia kama kurekebisha ukubwa mara ya kwanza ni bure, na mabaki ya bangili yataenda wapi. Hili la mabaki wateja huona aibu kulitaja. Litaje. Kufua, kukata na kupiga tupa huacha vipande na unga, na masonara wengi huhesabu unga huo ndani ya bei yao. Hakuna ubaya, ila mjue mapema. Vipande vikubwa viombe virudi kwako. Usimpelekee picha ya pete ya msanii mwingine umwambie atoe kama hii. Mpelekee picha za mama akiwa amevaa bangili, umwoneshe unachokipenda katika umbo lake: labda nakshi fulani, labda unene. Kama kuna nakshi, mwulize kama anaweza kukata utepe kwa namna ambayo kipande chake kitabaki upande wa ndani wa pete bila kupigwa nyundo.

Kidole chako kipimwe jioni, siku ya joto la kawaida, mara mbili katika siku tofauti. Pete pana hubana kuliko nyembamba ya kipimo kilekile, kwa hiyo apime kwa pete za majaribio zenye upana uleule wa atakayoitengeneza.

Siku ya kwanza nenda na bangili peke yake, hereni uziache nyumbani. Ipimeni uzito mbele yenu wote wawili, aandike gramu kwenye risiti pamoja na karati aliyoipata, na asikate chochote siku hiyo. Akuchoree kwanza. Ukirudi mara ya pili na mchoro ukawa bado unakupendeza, ndipo msumeno uguse bangili, na kama moyo wako unaweza, uwepo.